Kabla ya Koni ya Mwisho

Nyemo mwanangu,

Umekwenda kumuaga mama Salma, na najua huko utakaa, maana yule mama hajui kumwachia mtu aondoke bila chai. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Nimekaa kwenye kigoda cha mlangoni, daftari liko juu ya ndoo iliyofunikwa, jua bado lipo upande wa Bahi. Mwandiko wangu unaujua. Mimi ni wa darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilikuwa nalikosa kila msimu wa palizi. Usome polepole, na pale herufi zilipogongana usinicheke.

Sitaandika habari za nguo, dawa ya meno wala mashuka. Hayo umeyafunga mwenyewe, na umeyafunga vizuri kuliko ambavyo ningeyafunga mimi. Nataka jambo moja tu. Nataka uwe unaniambia mambo yako. Ukiwa huko barabarani, kukiwa kuzuri uniambie, kukiwa kubaya uniambie pia. Nalisema mwanzoni kabisa ili usisome kurasa zote ukijiuliza mama anataka nini.

Maana ile siku ya kizibao iliniuma.

Unaikumbuka. Tulikuwa kibandani, barabara ya Singida, saa ya wateja. Nikafungua mfuko wako kutafuta kitambaa cha kushikia sufuria, nikatoa kizibao cha rangi ya chungwa, kile cha kung'aa wanachovaa watu wa barabara. Athumani, yule dereva wa lori la fuso, alikuwa mezani anakunywa supu.

"Nyemo, hiki cha nani?"

"Changu, mama."

"Cha nini?"

"Cha kazi. Nimepata kwenye kampuni inayosimika alama za barabarani. Naanza Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Hii."

"Na kuomba kazi umekwenda lini, mimi nikiwa wapi?"

Ukainamisha uso, ukasema taratibu, "Mama, ningekuambia ungesema malori hayana breki."

Athumani akapaliwa na supu. Alipopata pumzi akasema, "Kwani mama Nyemo, usingesema?"

"Wewe kunywa supu yako. Hii ni kesi ya familia."

"Sasa kesi inasikilizwa mezani kwangu, nifanyeje? Nizibe masikio na kijiko?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikaendelea kupakua. Lakini jioni nikiosha vyombo nikajiuliza kwa dhati, je, ningesema? Ningesema. Ningesema malori hayana breki, na huko kuna fisi, na jua litakuharibu ngozi, na wanaume wa kambini hawaaminiki. Ningesema yote hayo kabla hujamaliza neno "kazi". Ndiyo maana uliniletea jambo likiwa limeshaiva. Hukufanya kosa. Mtoto anajifunza nani wa kuambiwa na nani wa kutoambiwa, na mimi ndiye niliyekufundisha.

Nikupe kisa cha Haneti. Bibi yako akianza kukisimulia huwa namkatisha, umeona mwenyewe, na wewe ukadhani nina haraka.

Wakati nakua, barabara ya kwetu ilikuwa ya vumbi. Mvua ikinyesha ilikuwa ya tope. Alama za kuchora hazikuwepo, labda kile kibao kimoja chenye jina la kijiji, nacho wachunga mbuzi walikuwa wamekitoboa kwa mawe. Lakini watu walionyana. Lori likiharibika, utingo hushuka na panga, anakata matawi mabichi na kuyalaza barabarani. Mbali analaza moja moja, karibu na lori anayarundika. Dereva akikuta jani la kwanza anajua mbele kuna kitu. Hata yule asiyejua kusoma alisoma pale. Wewe umeshayaona, mpaka leo juu ya lami wanalaza.

Sasa sisi wa Haneti tulikuwa na letu. Lori likikaa siku mbili tatu, matawi yanakauka pale pale juani. Likiondoka, wanawake na watoto wanayakimbilia, maana ni kuni zilizokwisha kukatwa na mtu mwingine. Tulikuwa tunasikiliza. Lori likiunguruma kwa nguvu kuanza safari, unachukua kamba yako unatoka mbio kabla ya jirani.

Mimi nilikuwa kama darasa la tano. Lori la alizeti lilikuwa limeharibika mbele kidogo ya kona, pale barabara inaposhuka. Dereva alipanda gari lingine kwenda Dodoma mjini kutafuta kifaa, akamwacha utingo wake alinde. Mchana nikasikia mngurumo. Nikachukua kamba. Nikaanza kuokota kuanzia tawi la mbali, na nilifurahi sana kwa sababu nilikuwa peke yangu, nimewawahi wote. Nikakusanya mpaka karibu na kona. Nikafunga mzigo nikajitwika.

Kona sikuizunguka, Nyemo. Hatua chache tu. Ule mngurumo ulikuwa wa gari lingine lililopita zake. Lori la alizeti lilikuwa bado lipo pale pale, na chini yake, kwenye kivuli, utingo alikuwa amelala.

Ikaja pikapu ya mfanyabiashara wa mbuzi. Ilishuka kama inavyoshuka gari kwenye njia isiyo na kitu. Alipoliona lori alikata usukani akaingia kwenye miiba, mbuzi wakaruka huku na huku, vumbi likafunika kila mtu. Hakufa mtu. Utingo alitambaa kutoka chini ya lori, akaangalia pikapu, akaangalia barabara iliyofagiwa, akaniangalia mimi na mzigo kichwani.

"Dada," akasema, "ulipita huku ukaona tumeondoka?"

Mwenye mbuzi alitukana mpaka akachoka, akaomba maji. Bibi yako alipofika hakunipiga. Alinitua mzigo, akaufungua, tukarudisha matawi yote barabarani, halafu akaketi nami kando ya njia mpaka dereva aliporudi. Nikajisemea moyoni kwamba maisha yangu yote sitaondoa tena onyo la mtu yeyote.

Na kweli sijaondoa. Nilipokuzaa nilikuwa mtoto mwenyewe, nikiwa mgeni hapa Zuzu, sina mama karibu wala shangazi. Nikawa na panga mkononi kama yule utingo. Usiguse, usiende, usijibu, usicheke, kuna nyoka, kuna wezi, kuna mtu alipotea Kintinku. Kila niliposikia jambo redioni au kibandani nililaza tawi, na hakuna nililookota. Ukakua, hatari ukaziacha nyuma, matawi yakabaki pale pale. Ukafanya kama angefanya dereva yeyote. Ukaanza kuyapita juu.

Hili sikuligundua peke yangu. Ni Athumani tena. Wiki ile ile alikuja analalamika juu ya kibao kimoja huko njiani, kile chenye mtu aliyeshika sepeto, kwamba mbele watu wako kazini. "Kazi ilikwisha siku nyingi," akasema, "wamekwenda zao, kibao kipo. Kila nikipita kinanidanganya. Siku watu watakapokuwepo kweli, mimi nitakuwa nimeshazoea kutokiamini."

Nilisimama na mwiko mkononi. Nikasema moyoni, kumbe nimesimika vibao vya namna hiyo miaka yote kumi na nane ya mtoto huyu.

Siku hiyo ndiyo walianza ule ubishi wa barabara ya kulipia. Wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji, hukuusikia. Wanasema kule upande wa Pwani wanapanga barabara kubwa ya njia nyingi, yenye uzio pembeni na lango, unalipa ndiyo unapita, na huenda siku moja ikafika huku kwetu. Yule mfugaji anayeuza maziwa akauliza, "Na ng'ombe wangu wakitaka kuvuka?"

"Watalipa," Athumani akamjibu.

"Kwa nini walipe? Wao wana magurudumu?"

"Wana miguu minne. Ni ekseli mbili hizo, sawasawa na fuso yangu."

"Basi mje muwakamue hapo hapo langoni, mchukue ada yenu!"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilikuwa nafikiri jambo jingine. Barabara hiyo ikija, nani atasimika vibao vyake? Vile vikubwa vya juu, vya kijani, vya kusema mji huu kushoto, mji ule kulia. Mtu atapanda atavifunga. Nikakuona wewe, na nikaona fahari, Nyemo. Sikukuambia. Hilo nalo ni kosa: ya kuogopesha nilikuwa na haraka kuyasema, ya kufurahisha nikayala peke yangu.

Sasa nataka kuokota. Safari hii nimezunguka kila kona kwanza, nimeangalia nyuma yake kuna nini. Siku zote hizi nafanya kazi hiyo, ndiyo maana ulikuwa unaniuliza mbona mama kimya.

Nilikuambia watu wa barabarani hawana kwao. Liondoe. Nyuma yake nimemkuta mtu mmoja tu, baba yako, aliyekuwa kijana kama mimi, akaogopa, akaenda Kahama akabaki huko. Aliogopa kwa sababu ya umri, si kwa sababu alishika usukani. Athumani ameshika usukani tangu sijamjua, na Ijumaa akiwa mjini utamkuta anaelekea msikitini na watoto wake wamejipanga nyuma yake kama vifaranga. Kambini utakutana na wa namna zote mbili. Macho unayo.

Nilikuambia usile kwa watu. Hili lilitoka kwangu mwenyewe. Nilipofika mjini nilikula kwenye nyumba fulani kwa hamu, wakasema nikisikia, hawa Wagogo wa Haneti wameletwa na njaa. Nikaapa. Lakini ile ilikuwa aibu yangu, na wewe nimekurithisha bure. Huko mtakula sufuria moja. Ukikataa utashinda na njaa yangu ya zamani. Kula, na useme asante, na siku yako ya kupika uwatie mlenda wenye karanga ili wajue umetoka wapi.

Usiongee na usiowajua. Mwanangu, kambi nzima huwajui. Ukilifuata hili utakuwa bubu.

Usicheke kwa sauti njiani, watu watakuona huna adabu. Hili sijui hata nililitoa wapi. Nimezunguka kona nikakuta hata alama ya tairi hakuna. Cheka.

Lile la kutoikaribia reli ya hapa Zuzu nimejaribu kuliondoa nimeshindwa. Nusu yake ibaki. Treni ni treni.

Na lile la kusema ukishindwa maisha usinitie aibu kwa kurudi mikono mitupu. Nililisema mara moja tu, siku nimechoka. Najua uliingia nalo ndani. Hili ndilo nililochelewa kuliondoa kuliko yote, na

Nimeishia hapo kwa sababu uliingia. Naendelea sasa, wewe uko jikoni, nakusikia unakata vitunguu. Naandika yaliyotokea hata kama unayajua, nataka uyasome kwa upande wangu.

Uliuliza, "Mama, unaandika nini?"

"Barua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu fulani anayesafiri."

Ukacheka, ukapita ndani. Halafu ukarudi ukasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, kama ulivyokuwa unasimama ukiwa umevunja kikombe.

"Mama, nikikuambia kitu hutapiga kelele?"

"Sema."

"Kambi haiko Manyoni. Nilisema Manyoni kwa sababu ni jina ulilolizoea. Iko mbele zaidi, Itigi. Na baadaye itasogea tena, hatujui wapi."

Nyemo, pale nilikuwa na maneno mengi mdomoni kuliko matawi ya lori lile. Vichaka vya Itigi nimevisikia. Umbali naujua. Nilishika ile kalamu kwa nguvu mpaka kidole kikauma. Nikakuuliza, "Itigi kukoje?"

Uliniangalia kwanza, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. Ukasema, "Wanasema barabara imenyooka, mama. Imenyooka mpaka macho yanachoka."

"Mh. Na kingine?"

"Kingine ni kwamba mimi ndiye nitakayeshika kibao. Kile cha simama na nenda. Nitasimama mbele kabisa ya wenzangu. Wamesema urefu wangu unafaa, dereva ataniona kutoka mbali."

"Urefu huo ni wa bibi yako," nikasema. "Hatimaye nao umepata kazi."

Ndipo ulipokaa chini. Ukaniambia yote: kwamba kwenye usaili ulitetemeka, kwamba kuna msichana wa Kongwa mtakayelala naye chumba kimoja, kwamba foromeni ni mkali lakini anaita kila mtu kwa jina, kwamba unaogopa kidogo. Hujawahi kuniambia unaogopa tangu uko darasa la nne. Nilikusikiliza, na sikusema kitu, na umeona dunia haikuanguka. Kisha ukasema una njaa, ukaenda jikoni.

Basi nimalizie ile sentensi iliyokatika. Liondoe lile la kurudi. Mikono mitupu ni mikono yako bado.

Kwa kuwa umeniambia kweli, naona sasa ninaruhusiwa kuacha onyo moja. Moja tu, na hili lina lori nyuma yake, nimeliona kwa macho.

Kiangazi kilichopita, kampuni nyingine ya barabara ilipokuwa inachora mistari kule barabara ya mzunguko inapokutana na hii yetu, nilikuwa nafunga kibanda jioni. Mchana wale watu walifanya kazi vizuri. Koni za kuonya magari zilipangwa toka mbali, mtu wa kibao alikuwepo, magari yalipunguza mwendo. Tatizo lilikuwa jioni. Gari la kukusanya vifaa lilianza kuokota koni kuanzia upande wa mbali, maana kila mtu alishachoka na anataka kwenda nyumbani, na mwenye kibao akakiegemeza kwenye gari akaenda kunawa. Wote waliona kazi imekwisha. Lakini binti mmoja alikuwa bado ameinama anamalizia mstari, kipande kidogo tu. Lori la semi, lile refu lenye tela, likatokea. Dereva wake aliona nini? Aliona barabara iliyofagiwa. Mwenzake yule binti alimvuta kwa kizibao, akaangukia kwenye kokoto. Wakacheka, wakajifuta vumbi, wakapanda gari. Kesho yake jioni wakafanya vile vile.

Hakuna mtu mbaya pale. Ni uchovu na haraka ya kwenda nyumbani. Mimi nilikuwa na haraka ya kuni.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe uliyeshika kibao usikishushe mpaka umegeuka ukaona kwa macho yako kwamba hakuna aliyeinama nyuma yako. Usisikilize mngurumo wa gari linaloondoka, wala mtu anayesema tumemaliza. Geuka, uangalie. Na koni zikianza kukusanywa huku mtu bado yuko barabarani, piga kelele, hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote, hata kama ni siku yako ya kwanza. Foromeni akikwambia unachelewesha watu, chelewesha. Akikwambia kesho usije, usiende. Panda basi urudi Zuzu, ukute nimeinjika maji. Nyuma yako atakuwa mtoto wa mtu, na mama yake naye amekaa mahali fulani anaandika.

Hilo ndilo ninaloliacha. Mengine pita juu yake, yaponde kabisa.

Kesho stendi nitakuwa kimya. Nimeshajiandaa. Abiria wataona mama na binti wamesimama bila neno watadhani tumegombana, na kondakta atatuharakisha, na wewe utasubiri nianze kama kawaida yangu. Sitaanza. Nimesema mimi tangu ulipozaliwa, sasa ni zamu yako. Hata likiwa la kipuuzi, hata likiwa la kunitisha, niambie tu.

Nakusikiliza,
mama yako.